Mtoki, Tezi au Fundo? Maoni Kuhusu Istilahi za Mikondo ya Damu na Limfu

Katika mijadala yetu ya istilahi tumezoea kuuliza swali moja: dhana hii ya kigeni iitweje kwa Kiswahili? Swali hilo ni halali, na wataalamu waliotutangulia walilijibu kwa bidii ambayo sisi hatujaifikia. Hata hivyo, nimefikia kuamini kwamba swali hilo likiulizwa peke yake hutupeleka pabaya, na kwamba kiungo kimoja kidogo cha mwili wa binadamu chatosha kulionyesha jambo hilo. Kiungo chenyewe ni kile ambacho maandishi yetu hukiita mara tezi ya limfu, mara fundo la limfu, mara nodi, na ambacho mama zetu, wanapomtazama mtoto mwenye kidonda cha mguu na uvimbe kinenani, hukiita mtoki.

Nakiri tangu mwanzo kwamba mimi si tabibu. Mimi ni mwanaisimu, na haya ninayoyasema kuhusu mwili nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenzangu wa kitivo cha tiba, ambao walinivumilia. Nakiri pia kwamba katika shauri hili mimi ni mshitakiwa kabla ya kuwa mshitaki. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhadhiri kijana, niliketi katika kamati moja ya istilahi. Tulipewa orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kialfabeti. Tulifika herufi L saa nane mchana, baada ya chakula. Hapakuwa na mwanabiolojia hata mmoja mezani. Mmoja wetu akasema "tezi", wengine tukaitikia, tukapita. Nadhani shughuli nzima haikuchukua dakika moja.

Dakika ile niliikumbuka dada yangu mkubwa alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Daktari, kijana mpole na mwenye adabu, alitueleza kwamba pamoja na titi wameondoa "tezi za kwapani". Dada yangu alimshukuru. Tulipobaki wawili akaniuliza: "Mdogo wangu, tezi si za shingoni? Na ile nyingine si ya wanaume? Mimi hizi za kwapani zimetoka wapi?" Sikuwa na jibu la maana. Miezi michache baadaye mkono wake wa upande ule ulianza kuvimba, akaambiwa kwamba "mishipa imeziba, maji hayapiti". Yeye alielewa kwamba mshipa umekatwa. Na katika lugha yetu mshipa uliokatwa waweza kuwa wa damu, waweza kuwa wa fahamu, waweza hata kuwa ule unaoushikilia msuli kwenye mfupa. Kwa hofu ya kuuharibu zaidi aliamua kuupumzisha mkono kabisa. Aliufunga kwa kanga na kuuning'iniza shingoni kwa wiki kadhaa, ilhali alichohitaji ni mazoezi mepesi, kwa kuwa msuli unapojikunja na kujikunjua husaidia kuisukuma limfu. Hakuna aliyemdanganya. Maneno yote aliyoambiwa yalikuwa ya Kiswahili sanifu, na mojawapo nililipitisha mimi.

Tulitazame kwanza neno tezi. Katika biolojia, tezi ni kiungo kinachotengeneza kitu na kukimwaga: mate, jasho, machozi, homoni. Wazungu nao waliwahi kukosea hapo hapo. Orodha ya majina ya anatomia iliyokubaliwa Basel mwaka 1895 iliviita viungo hivi kwa Kilatini lymphoglandulae, yaani tezi za limfu. Baadaye, ilipokuwa dhahiri kwamba havimwagi kitu chochote kwa maana hiyo, orodha za kimataifa ziliacha tezi zikachukua nodus, yaani fundo. Kiingereza na Kijerumani vikafuata, ijapokuwa mazungumzo ya mitaani katika lugha hizo yangali na neno la zamani. Sisi tulichukua neno ambalo wenyewe walikuwa wamekwisha kulitupa. Nasi tulikuwa na sababu zaidi ya kuliepuka, kwa kuwa kwa msikilizaji wa Kiswahili tezi si neno tupu linalosubiri maana. Mwenye tezi, bila maelezo zaidi, ni mtu mwenye uvimbe wa koo. Na mzee wa miaka sitini anayesema ana tatizo la tezi hahitaji kuulizwa ni ipi. Mgonjwa anayeambiwa kwamba saratani imefika kwenye tezi ana haki ya kuuliza alichouliza dada yangu.

Fundo ni tafsiri aminifu ya nodus, na uaminifu huo ndio udhaifu wake. Neno la Kilatini lataja umbo tu: kitu kilichovimba katikati ya uzi. Lakini katika Kiswahili fundo lina kazi, nayo ni kuzuia. Kamba hupigwa fundo isipite tunduni. Mtu mwenye fundo moyoni ana jambo lililokwama. Mpira wa kumwagilia bustani ukipigwa fundo, maji hukoma. Mwanafunzi akisoma kwamba mirija ya limfu ina mafundo njiani, picha inayomjia ni ya mrija ulioziba, nayo ni kinyume kabisa cha ukweli. Sitasema mengi juu ya kifundo, ambacho tayari ni cha mguu.

Kuna waliopendekeza chujio. Hoja yao ni nzuri: kiungo kipewe jina la kazi yake. Kwa muda mrefu nami niliiunga mkono, kwa kuwa Rudolf Virchow, katika karne ya 19, alikieleza kiungo hiki kama kizuizi kinachochuja yale yanayokuja na limfu, na ni kweli kwamba uchujaji hutokea humo. Tatizo ni kwamba jina la kazi hufungwa na nadharia ya wakati wake. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yalichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio ya panya, yakionyesha kwamba seli za saratani zilizofika katika kiungo hiki kwa njia ya limfu ziliweza kuingia katika mishipa ya damu iliyomo humo humo, na kwa njia ya damu zikafika mapafuni. Chujio lenye mlango wa nyuma namna hiyo ni chujio la ajabu. Kama tungekuwa tumelisanifisha neno hilo, leo tungekuwa tunalitolea udhuru kila ukurasa.

Limebaki mtoki. Pingamizi dhidi yake nalijua, kwa kuwa niliwahi kulitoa mimi mwenyewe: mtoki ni jina la ugonjwa, au tuseme la dalili, si la kiungo. Anayesema mtoto ana mtoki anamaanisha kwamba kuna uvimbe. Je, tutamwambia mtu mzima mwenye afya kwamba ana mitoki mia tano? Nadhani twaweza. Kiswahili hakioni taabu kukiita kiungo na maradhi yake kwa neno moja. Mshipa ni kiungo na pia ni maradhi ya wanaume yanayojulikana sana katika pwani yetu. Tezi yenyewe, ambayo kamati yetu haikuisitasitia, ilikuwa uvimbe kabla hatujaifanya kiungo. Tena mtoki una sifa ambayo washindani wake hawana. Mzungumzaji anayelijua neno hili anajua tayari kwamba kidonda kikiwa unyayoni uvimbe huja kinenani, na kidonda kikiwa kidoleni uvimbe huja kwapani. Yaani anajua kwamba kuna njia inayotoka hapa na kufika pale. Hiyo ni nusu ya somo, na mwalimu ameipata bure.

Lakini sikusudii kubadilisha nomino moja kwa nyingine kisha nikaweka kalamu chini. Hapo ndipo tulipokosea saa nane mchana. Kwa maoni yangu istilahi haijaundwa mpaka imetumika katika maelezo mfululizo ya jambo lenyewe likiwa katika mwendo. Nomino twaweza kuzipachika kwenye jedwali na zikakaa kimya. Vitenzi havikai kimya. Na elimu yote ya mtoki, kama wenzangu wa tiba walivyonifundisha, ni elimu ya mwendo: nini huingia, nini hutoka, nini huvuka, na wapi. Kwa hiyo nilijilazimisha kuandika maelezo hayo kwa Kiswahili, bila kuwa na matini ya Kiingereza mbele yangu. Ninayanukuu hapa pamoja na mahangaiko yake.

Mtoki una umbo la punje ya haragwe. Mtu mzima ana mitoki kiasi cha 500 hadi 600, mingi ikiwa ndani ya tumbo na kifua, na mingine shingoni, kwapani na kinenani. Kila mtoki umefunikwa kwa ganda jembamba. Limfu huingia kwa mirija kadhaa kupitia mgongo wa haragwe, na hutoka kwa mrija mmoja au michache penye kitovu chake. Damu haifuati njia hiyo. Ateri huingia pale pale kitovuni, hugawanyika ndani mpaka ikawa kapilari, na vena hurudi kutokea kitovuni. Kwa hiyo mikondo miwili hukutana katika chumba kimoja, mmoja ukiwa umepita mlango wa mbele na mwingine ukiwa umeingia na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Hapa palinisimamisha mara mbili. Kwanza, nilitaka kutofautisha njia za damu na njia za limfu, na neno mshipa, kama nilivyokwisha kueleza, limebeba mizigo mingi mno. Nimeamua kuliachia damu neno mshipa na kuipa limfu neno mrija. Najua kwamba mishipa ya limfu imekwisha kuandikwa mahali pengi. Hata hivyo, aliyesikia "mrija" hafikirii fahamu wala msuli. Anafikiri kitu chenye uwazi kinachopitisha majimaji, na hicho ndicho kinachotakiwa.

Pili, ile mirija inayoingia na ile inayotoka iitweje? Wataalamu wa Ulaya wana jozi ya vivumishi vya Kilatini, na wapo waliojaribu kuviundia vyetu. Niliwahi kuona mirija ingizi na mirija tozi katika mswada mmoja, nikaogopa kwamba msomaji angeanza kutafuta stakabadhi ya ushuru. Wengine huandika mirija inayoleta na mirija inayopeleka. Hapo kuna kosa la kiisimu ambalo halionekani mara moja. Kuleta na kupeleka ni vitenzi vinavyotegemea mahali aliposimama msemaji. Kinacholetwa kwangu kinapelekwa kutoka kwako. Nayo mitoki imepangwa kama vituo: mrija unaotoka katika mmoja ndio unaoingia katika ufuatao. Je, mrija huo unaleta au unapeleka? Kuingia na kutoka hakutegemei aliposimama msemaji bali kunategemea chumba kinachozungumzwa. Na lugha yetu tayari ina kauli ya kutendea inayofaa mahali kama hapa. Kila abiria wa basi anajua mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Basi na tuseme mirija ya kuingilia na mirija ya kutokea. Hatukuunda neno lolote, na hakuna atakayehitaji kamusi.

Jozi hiyo niliipima kwa mnyama ambaye naomba radhi kwa wasomaji watakaokereka kumkuta hapa. Mtoki wa nguruwe umegeuzwa: limfu huingizwa mpaka katikati na kutokea pembezoni, na chembe nyingi nyeupe huondoka moja kwa moja kwa njia ya damu badala ya kufuata limfu. Kama tungesema "mirija ya pembeni" na "mirija ya kitovuni", istilahi ingevunjika mara tu mwanafunzi wa mifugo angefungua kitabu chake. Kuingilia na kutokea hakuvunjiki.

Naendelea na maelezo. Limfu ikishaingia hukuta nafasi nyembamba chini ya ganda, inayouzunguka mtoki. Nimeiita nafasi hii mvungu wa ganda. Kila mtoto aliyewahi kufagia chini ya kitanda anajua mvungu ni nini, na sijaona sababu ya kukopa neno la Kilatini lenye maana ya ghuba au mkunjo. Sehemu kubwa ya limfu hupita katika mvungu na vijia vinavyoendelea nao mpaka kitovuni, huku seli zilizojipanga njiani zikikamata bakteria na takataka nyingine. Sehemu ndogo hushika njia nyingine. Katika nyama ya mtoki kuna nyuzi za kolajeni zilizofunikwa na seli kama waya ulivyofunikwa na mpira, na majimaji hupita kati ya uzi na kifuniko chake. Utafiti wa Gretz na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba molekuli ndogo hupita humo na kufika haraka katika kuta za vena fulani za ndani, ilhali molekuli kubwa, zenye uzito wa kuzidi takribani daltoni 70,000, hubaki nje. Yaani mtoki hupewa habari za kidonda kwa haraka kabla shehena yenyewe haijafika.

Vena hizo nazo si za kawaida. Kuta zake zimejengwa kwa seli nene, tofauti na seli bapa za vena nyingine. Mwaka 1964 James Gowans na E. J. Knight, wakifanya kazi Oxford kwa panya, walionyesha kwamba limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, haziishii katika damu: hutoka katika damu, huingia mitokini, hutoka na limfu, na hurudi tena katika damu. Kabla ya hapo watu walistaajabu kuona idadi kubwa ya chembe hizo ikimiminwa katika damu kila siku bila kujulikana zinakokwenda. Mahali pa kutokea damuni ni kuta za vena hizi nene. Sasa, jina la kitaalamu la vena hizi katika lugha za Ulaya lataja urefu wa seli za ukuta wake, jambo ambalo halimwambii chochote asiyekuwa na hadubini. Mimi napendekeza vena kivuko. Kivuko, kama kile cha Likoni au cha Kigamboni, ni mahali palipowekwa kwa ajili ya kuvukia. Si kila mahali ufukweni, wala si kwa kila chombo. Na limfosaiti hazipenyi mahali popote, bali huvuka hapo, baada ya kutambuliwa.

Nimetumia kuvuka na kupenya kana kwamba vinatofautiana, kwa sababu vinatofautiana. Hapa ndipo ninapoona kwamba utajiri wetu umelala bila kutumika. Kitabu kimoja cha shule nilichokisoma kilisema kwamba kapilari "huvuja". Kuvuja ni kasoro. Paa linalovuja huitiwa fundi. Lakini kutoka kwa maji katika kapilari kwenda katika tishu si kasoro hata kidogo. Ndiyo njia ya kuzilisha seli. Maji hupenya. Damu ikivuja ni jambo jingine, na daktari anahitaji kitenzi hicho kwa siku hiyo. Vivyo hivyo kufyonza. Tunasema limfu "hufyonzwa" na damu, kana kwamba mshipa una midomo. Kinachotokea ni kwamba protini zilizomo katika damu huyavuta maji, kama ilivyoelezwa na Ernest Starling mwaka 1896. Kuvutwa ndilo neno.

Na kuvutwa huko ndiko kiini cha jambo ambalo vitabu vingi vya shule havijalitaja. Sote tulifundishwa kwamba limfu hukusanywa mwilini, hupita mitokini, na hatimaye humwagwa katika vena kubwa karibu na shingo. Picha hiyo humfanya mtu adhani kwamba kinachoingia katika mtoki ndicho kinachotoka, kimesafishwa tu. Mwaka 1982 na 1983 Adair, Guyton na wenzao walipima limfu ya mbwa kabla na baada ya kupita mtokini. Walikuta kwamba limfu inayotoka ina protini nyingi zaidi katika kila mililita kuliko ile iliyoingia. Protini hazikuongezwa, maji ndiyo yaliyopungua. Limfu ikiwa na protini chache kuliko damu, maji yake huvutwa na kapilari za mtoki na kurudi katika damu papo hapo, mpaka mizani ikaribie kulingana. Shinikizo la vena ya mtoki lilipoongezwa, mwendo ukageuka, maji yakatoka katika damu na kuingia katika limfu. Kwa makadirio yanayotajwa na wanafiziolojia, limfu inayoingia mitokini kwa siku yaweza kufika lita 8 hivi, na takribani nusu yake hurudi katika damu humo humo. Kwa hiyo mtoki si chujio njiani tu. Ni forodha ambapo nusu ya msafara hubadilisha chombo.

Nitaongeza jambo moja kuhusu uvimbe, kwa kuwa ndio ulioupa mtoki jina. Habari ya maradhi ifikapo, ateri ya mtoki hutanuka, damu iingiayo huongezeka, na limfosaiti zinazovuka huwa nyingi zaidi. Wakati huo huo kutoka kwake kwa njia ya limfu huzuiwa kwa muda. Wanaoingia wameongezeka na mlango wa kutokea umefungwa. Mtoki huvimba. Mama anayeubonyeza kinenani mwa mwanawe anagusa msongamano huo, na jina alilolitoa halikuwa la kijinga.

Wapo watakaosema kwamba nimechukua neno la pwani nikataka kulivalisha taifa zima, na hata mataifa jirani, na kwamba nodi ni bora kwa kuwa haina kabila. Mwenzangu mmoja wa idara, ambaye namheshimu, aliniambia hivyo bila kunizungusha. Namjibu kwamba palipo na mtu asiyelijua neno mtoki itabidi afundishwe, sawa na atakavyofundishwa nodi; tofauti ni kwamba nodi itabidi ifundishwe kila mahali. Sina ugomvi na ukopaji wenyewe. Limfu ni mkopo, na ni mkopo mzuri: Thomas Bartholin aliyeipa mirija yake jina hilo mwaka 1653 alichukua neno la Kilatini lenye maana ya maji safi, na sisi hatuna jina jingine lisilochanganyika na maji ya aina nyingine mwilini. Ateri, vena na kapilari nazo zimekwisha kuzoeleka. Hoja yangu ni juu ya mahali pa kukopa na mahali pa kutulia.

Pingamizi zito zaidi ni la kitaasisi. Nchini Tanzania biolojia ya sekondari na ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza. Daktari hukutana na mtoki kwa Kiingereza, huufanyia mtihani kwa Kiingereza, kisha siku ya kwanza wodini hulazimika kuueleza kwa Kiswahili, papo kwa papo, akiwa amesimama. Yule kijana aliyemwambia dada yangu kuhusu tezi hakuwa na ukurasa hata mmoja wa kumsaidia. Kazi kubwa imefanywa tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ingali kielelezo cha subira na nidhamu. Lakini kamusi hutoa nomino. Haimfundishi mtu kusema maji yanakwenda wapi. Napendekeza kwamba kila orodha ya istilahi za sayansi inayofikishwa mbele ya kamati iambatane na kurasa mbili au tatu za maelezo mfululizo yaliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili na mtaalamu wa fani pamoja na mwanaisimu, na kwamba istilahi isiyoweza kukaa katika sentensi hizo irudishwe, hata ikiwa saa nane mchana.

Nimesema kwamba maelezo ya dada yangu yalikuwa "mishipa imeziba". Kitenzi kilichotakiwa kipo, na kinatumiwa na kila mtu aliyewahi kuonywa kuhusu mbu: kutuama. Limfu ya mkono hupita kwapani. Mitoki ikiondolewa, njia hupungua, na limfu iliyobaki hutuama. Kilichoziba husubiri kuzibuliwa na fundi. Kilichotuama kinahitaji kusukumwa kiende. Dada yangu angeelewa tofauti hiyo bila kuelezwa na mtu.

Maelezo haya nilimpa ayasome kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Mkono wake bado ni mnene kidogo. Huuvalisha mfuko wa kubana na kufanya mazoezi kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba vena hutokea "penye mbonyeo" wa haragwe. Alilikata neno hilo kwa kalamu yangu mwenyewe, akaandika juu yake kitovu, akisema kwamba kila anayechambua maharage anajua yana kitovu na kwamba hapo ndipo yaliposhikamana na ganda. Nimeliacha alivyoliandika. Zile njia nyembamba zinazopita kati ya uzi wa kolajeni na kifuniko chake hatukuzipatia jina, si yeye wala mimi. Nilijaribu kijia, ambalo ni pana mno, na mfereji, ambalo ni kubwa mno. Msomaji mwenye neno na alilete kwa mhariri, likiwa ndani ya sentensi.